Siku nne Lisbon na euro 120, nikiitafuta dhahabu ya Kilwa

Febuari 2019 nlikua nasoma Ujerumani, likizo fupi ikaja na mfukoni nna euro 120 za siku nne, ukitoa nauli ya ndege ambayo nlishalipa mapema. Wenzangu wakasema Paris, mimi nikasema Lisbon, maana mtu ukishazaliwa Kilwa Masoko kuna kitu kimoja kipo Lisbon ambacho tangu sekondari nlitaka kukiona kwa macho yangu.

Hosteli chumba cha vitanda nane, euro 13 kwa usiku na chai ya asubuhi humohumo. Kibaridi chake Febuari ni kama Lushoto mwezi wa saba, sweta moja linatosha. Pale stesheni ya metro unanunua kadi ya karatasi kwa nusu euro unaiweka hela, inakubali metro, basi, tramu mpaka kivuko cha kuvuka mto Tejo. Usimlipe dereva wa tramu keshi, ni ghali kuliko kadi, wakati ule ilikua zaidi ya mara mbili. Tramu namba 28 foleni yake ndefu sana, mimi nlipanda kilima kwa miguu mpaka Senhora do Monte, kule hakuna kiingilio, unakaa unauangalia mji wote, mapaa ya vigae, ngome ya São Jorge, mto, na daraja jekundu kwa mbali. Jioni mbili nlizimalizia hapo na mkate wangu. Vaa raba zenye soli nzuri tu, yale mawe ya njiani yamelainishwa na miguu ya watu na mvua ikinyesha yanateleza balaa.

Chakula, tafuta vimgahawa wanakokula mafundi mchana, uliza prato do dia, yani chakula cha siku, nlikula samaki wa kuchoma na viazi kwa euro 6. Ila wakikuletea mkate na zeituni ambazo hujaagiza ujue zinalipiwa, warudishie mapema kwa heshima, hawakasiriki.

Kitu kilichonishika ni lugha. Nimekaa namsikia mhudumu anasema mesa, na ni meza kweli, bendera kwao ni bandeira, leso ni lenço, kwenye kabati la vioo kuna chamuça na ni sambusa kabisa, yani unajiskia kama unaelewa nusu ya maneno. Siku ya tatu nikapanda tramu 15 mpaka Belém, kanisa la Jerónimos kuingia ilikua bure, na kaburi la Vasco da Gama lipo palepale karibu na mlango. Kanisa kwao ni igreja, na ndiko lilikotoka neno letu gereza. Kule Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni mpaka leo tunaiita Gereza. Nlisimama pale kaburini muda mrefu, sikupiga picha.

Siku ya mwisho ndo nkatoa hela ya kiingilio pekee nliyolipa safari nzima, euro 6, makumbusho ya Arte Antiga. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na manowari akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu, dhahabu ambayo wazee wetu walikua wanaifanyia biashara kutoka Sofala. Mfalme Manuel wa Ureno akaagiza ifuliwe chombo cha kanisani, kikaisha 1506, mwaka mmoja tu baada ya Wareno kurudi na kuuteka mji wenyewe. Kipo kwenye kioo, kinang'aa, mitume 12 wamepiga magoti katikati, kazi nzuri sana hiyo siwezi kuwanyima. Nikazunguka kusoma maandishi ya kwenye kitako, Kireno cha zamani, nikawa nafuata herufi mojamoja mpaka nkafika kwenye neno Quilva.

Nikatoka bustanini nyuma ya makumbusho, pale unauona mto, nikampigia mama.

"Shikamoo mama, nimeiona."

"Marahaba mwanangu. Ya Kilwa kweli?"

"Ya Kilwa mama, wameandika."

Akanyamaza kidogo, afu akaniambia nirudi ndani nikaiangalie tena kwa niaba yake. Tiketi nlikua bado nnayo, nikarudi.