Maua ya buluu Usa River: mengine yamekubali ardhi, haidrenjia imekubali ndoo

Kwa anayeishi Usa River au Maji ya Chai, huku Arusha, habari za maji yetu hazihitaji utangulizi. Meno ya kahawia ya wenyeji yanatosha kueleza. Floraidi ni nyingi, na magadi yamo. Nilipotaka bustani ya maua ya buluu, tena ya kudumu, yasiyong'olewa kila msimu, maji hayo yaliamua mengi kuliko mimi.

Nilianza na plambago kwa kuwa haina makuu. Asili yake ni Afrika Kusini, ila ukiiona ilivyozoea uzio za huku utadhani ilizaliwa Meru. Nilimwomba jirani vipandikizi vya unene wa penseli, nikavichomeka mwanzoni mwa masika chini ya mgomba, na vingi vilishika. Buluu yake ni nyepesi. Inachanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kazi yote iko kwenye mkasi. Ukiionea huruma, unabaki na kichaka cha vijiti vyenye maua mawili matatu juu. Mimi naipogoa sana kila mvua zinapokaribia. Kikombe kinachoshika ua kina vinywele vya ulimbo. Watoto hapa nyumbani huyabandika masikioni yakawa hereni, na ukipita karibu na uzio yanakufuata kwenye kanga hadi jikoni.

Agapanthasi nayo ni ya Afrika Kusini, na inavumilia ukame kwa sababu ya mizizi yake minene iliyojaa maji. Niliinunua kwa wauza miche wa Tengeru, barabara kuu ya Moshi. Inataka jua. Ile niliyoipanda chini ya mparachichi ilitoa majani mazuri mno na hakuna ua. Nilipoihamishia kwenye jua ikatoa vikonyo virefu, kila kimoja na kichwa cha maua kuelekea mwisho wa mwaka. Ikibanana sana, unachimbua, unakata shina la chini kwa panga, unagawa. Hakuna zaidi ya hapo.

Halafu kuna kichaka chetu wenyewe, kinachoota porini Afrika Mashariki, wataalamu wanakiita Rotheca. Ua lake ni kipepeo mtupu: petali nne za buluu mpauko, ya tano ya buluu iliyokolea, na nyuzi ndefu zilizojikunja kama pembe za mdudu. Nashangaa jinsi watu wanavyotoa hela kununua mimea ya kutoka mbali huku hiki wanakifyeka. Hakidai mbolea wala maji ya kupendelewa.

Sasa haidrenjia. Hapa ndipo pana kisa.

Niliiona kwa mama mkwe, Lushoto, nyuma ya jiko, vichwa vikubwa vya buluu ya wino. Nikamuuliza, "Mama, hii unaipa mbolea gani?" Akacheka. "Mbolea ya nini, mwanangu? Imeota tu hapo." Akanikatia vipande, akavifunga kwenye jani la mgomba. Vikaota vizuri. Vilipochanua huku Usa vilikuwa vya pinki, pinki ya keki ya sherehe.

Mmea ulikuwa uleule. Maua ya plambago na agapanthasi yana buluu yake ndani ya damu, ukiipanda popote ni buluu. Haidrenjia inatengeneza rangi kwa kutumia aluminiamu inayofyonzwa na mizizi. Aluminiamu ipo kwenye udongo karibu wote, lakini inayeyuka na kufyonzeka pale tu udongo ukiwa na asidi, kama ule wa milima ya Usambara, iliko Lushoto. Udongo ukiwa na magadi, aluminiamu inajifungia, na ua linabaki pinki. Nyeupe, kwa taarifa yako, haibadiliki hata ufanyeje.

Nilitaka kuona kwa macho maji yangu yana nini. Nikachemsha maji ya mvua sufuria moja na ya bomba nyingine, nikatia maua makavu ya ule mtambaazi wa buluu ambao siku hizi watu wanaunywa kama chai. Kikombe cha mvua kilikuwa buluu safi. Cha bomba kilielekea kijani. Nikakamulia limao kile cha mvua, kikageuka zambarau pale pale mezani. Chai hiyo huelekea kijani kwenye magadi na zambarau kwenye asidi. Basi, jibu limepatikana bila maabara: maji yangu ya bomba yana magadi.

Kubadilisha udongo wa shamba zima ukiwa na maji ya aina hii ni kujichosha, kwani kila unapomwagilia unarudisha magadi. Kwa hiyo haidrenjia ikahamia kwenye ndoo kubwa ya plastiki iliyotobolewa chini, ikajazwa mboji ya majani na mchanga kidogo, ikawekwa upande wa mashariki wa nyumba ipate jua la asubuhi tu. Jivu la jikoni, lile tunalolimwaga kwenye mchicha kufukuza wadudu, ni marufuku kuisogelea, maana linaua asidi. Mbolea ya DAP vilevile, kwa kuwa fosforasi inaikamata aluminiamu kabla mizizi haijaipata.

Na dawa yenyewe iko sokoni: shabu. Ileile ya kutuliza maji ya tope na ya vinyozi, ni chumvi ya aluminiamu. Naiponda, nayeyusha kijiko cha chakula kwenye lita nne za maji ya mvua, namwagia udongo ambao tayari una unyevu, mara mojamoja, kabla vichwa vya maua havijaanza kujitokeza. Vikishajitokeza umechelewa. Ukizidisha, kingo za majani zinaungua. Mwanzo nilipata rangi isiyoeleweka, zambarau katikati na buluu pembeni, kwenye kichwa kimoja. Msimu uliofuata buluu ilikuja kamili, japo ya mama mkwe bado inaipita.

Gharama yake ni maji. Januari na Februari tenki la mvua linashuka, na kati ya kupika ugali na kunywesha ua sihitaji kufikiri. Mchana wa jua kali majani yake yanalala yote, jioni yanainuka, kwa hiyo hilo halinitishi: naangalia asubuhi, yakiwa bado yamelala ndipo natoa kopo. Nimebaki na ndoo moja tu. Nyingine ziko ardhini, pinki, na zinapendeza.

Mwisho ni urujuani wa Usambara, ule Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliochukua Tanga, ukapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kutokana na jina lake, mwaka 1893. Sasa upo madirishani kote Ulaya, na kwetu kuuona nyumbani ni nadra. Tafadhali usiung'oe kwenye msitu wa Amani, huko Usambara. Chukua jani lenye kikonyo kwa mwenye mmea, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, usubiri watoto watokee chini. Kwao ni kwenye miamba yenye kivuli, kwa hiyo chungu kidogo kinatosha, barazani pasipo na jua la moja kwa moja. Maji naweka kwenye kisahani chini, ya mvua, yasiwe ya baridi, maana tone la baridi juu ya jani linaacha doa la kahawia lisilofutika. Mke wangu anasema hiyo si buluu, ni zambarau. Nimeiweka hata hivyo.