Mtufaa Uliokataa Kuchanua

Kwa miaka sita mtufaa ulio nyuma ya nyumba yangu ulitoa majani mapana yenye afya, lakini haukutoa hata ua moja. Kila mwaka niliumwagia samadi na mbolea ya dukani, na kila mwaka niliupunguza ncha za matawi ili upate umbo la kupendeza, nikiamini kwamba mti unaotunzwa hivyo hauwezi kuninyima matunda. Kumbe matunzo hayo ndiyo yaliyouzuia.

Ningependa kila mwenye mtufaa aelewe kwamba ua analoliona leo liliandaliwa mwaka jana. Vitumba vya maua huanza kuumbika katika majira ya joto yaliyotangulia, na katika aina nyingi hukaa juu ya vijitawi vifupi, vilivyokunjamana, vyenye umri wa miaka miwili au zaidi. Naitrojeni ikizidi, mti huelekeza nguvu zake kwenye machipukizi marefu badala ya vijitawi hivyo. Ukikatwa ncha, hujibu kwa kurefuka tena, na zipo aina zinazozaa nchani, ambazo mkasi huziondolea maua yote. Basi niliacha mbolea kabisa, nikapogoa tu matawi makavu na yaliyosuguana, kisha nikayavuta matawi yaliyosimama wima kwa vipande vya kitambaa na kuyafunga kwenye vigingi, hadi yakalala takribani nyuzi 60 kutoka kwenye shina. Tawi lililoinamishwa hupunguza mbio zake za kwenda juu na huchanua mapema zaidi.

Mwaka wa pili baada ya hapo mti ulijaa maua, nami nilifurahi mno. Wiki chache baadaye yote yalikuwa yamepukutika, bila tunda.

Mitufaa mingi haiwezi kujitungisha kwa chavua yake yenyewe, wala kwa chavua ya mti mwingine wa aina ileile. Huhitaji mwenzi wa aina tofauti anayechanua wakati mmoja nao, na nyuki wa kubeba chavua. Si kila aina hufaa, kwani Bramley's Seedling na Jonagold, kwa mfano, zina chavua dhaifu. Msimu uliofuata niliomba matawi yenye maua kutoka mti wa aina nyingine, nikayatia katika ndoo ya maji na kuitundika katikati ya mtufaa wangu. Baadaye nilipandikiza tawi la aina hiyo kwenye mti wenyewe, na hili ndilo suluhisho ninalolipendelea kwa mwenye uwanja mdogo. Dawa ya wadudu isipulizwe kamwe wakati wa maua.

Kuna kikwazo ambacho mkasi hauwezi kukiondoa: baridi. Aina nyingi huhitaji saa 800 hadi 1000 chini ya nyuzijoto 7 za Selsiasi wakati mti umelala, ilhali Anna na Dorsett Golden hutosheka na saa 300 au pungufu. Aliyepanda aina isiyolingana na hali ya hewa yake ni bora abadilishe mti.

Sasa mti wangu huzaa kupita kiasi. Mbegu zilizo ndani ya matunda machanga huzuia vitumba vya mwaka ujao, kwa hiyo mapema kabisa mimi huacha tunda moja katika kila kishada, kwa umbali wa sentimita 15 hivi, na mengine huyachuma yakiwa bado madogo kama zabibu, ingawa mkono bado husita.