Siku moja na kikombe cha lozi

Nikiulizwa kazi yangu nasema napima njugu, na watu wanacheka. Ukweli ni kwamba nayajaribu mapishi ya watu kabla hayajaingia kitabuni, na palipoandikwa vikombe naweka gramu. Wengi hudhani ni kazi ya kuonjaonja. Laiti!

Saa 2 asubuhi. Mizani kwanza. Naweka jagi tupu, narudisha sifuri, namimina maji mililita 250. Isome gramu 250. Leo imesoma.

Saa 3. Korosho na karanga, kila moja mara tatu. Hapa hakuna la kusimulia.

Saa 4 na ushei, simu. Mwandishi wa kitabu, mama mtu mzima, na ana hasira. Biskuti zake za lozi nilizozioka jana zilitandaa kwenye trei kama chapati, na anaamini kosa ni langu. Pishi linasema "kikombe 1 cha lozi zilizosagwa." Nikamuuliza: mama, ulipima kabla ya kusaga au baada?

"Si lozi zilezile, mwanangu?"

Sizo. Kikombe cha Marekani, cha mililita 237 hivi, kinabeba lozi nzima gramu 143. Zikisagwa, kikombe hichohicho kinabeba kama 95. Aliyezipima nzima ndipo akasaga hana kipimo kimoja na aliyesaga kwanza. Na hizo 95 ni ukimimina taratibu. Ukigongagonga kikombe mezani unga unashuka, unaongeza kijiko kingine, na kingine. Ndiyo maana kikombe sikiamini.

Alikiri kwamba alipima nzima. Nikadhani tumemaliza. Lakini hesabu ilikataa: hata nikiweka 143, kinyunga kilikuwa bado chepesi. Nikaoka trei ya pili, ikatandaa. Nikapiga simu tena, akasema kikombe ni kikombe. Nikamwomba akijaze maji, ayamimine kwenye jagi lenye alama, anisomee. Hana jagi lenye alama. Tukasubiri aazime kwa jirani. Mimi huku nimesimama, miguu inawaka, chakula cha mchana nimekisahau, oveni inakula umeme bure.

"Mia tatu na kumi," akasema hatimaye.

Kilikuwa kikombe chake cha chai. Kile kikubwa, chenye mkono, anachonywea kila asubuhi. Lozi nzima humo ni gramu 187 hivi. Mimi jana, kwa kikombe changu cha 250 na lozi zilizokwisha kusagwa, niliweka 100 tu. Unga na siagi aliviandika kwa gramu kama vilivyo kwenye pakiti, kwa hiyo lozi peke yake ndizo zilizopungua, karibu nusu. Biskuti zitasimamaje?

Trei ya tatu ilitoka jioni, sikutazama saa. Zimesimama, kingo zimekauka vizuri, katikati laini. Nilikula mbili nikiwa nimeegemea sinki, nikaandika: lozi nzima gramu 187, zisage. Hapo nilijiona fundi kwelikweli.

Nikampigia kumpa habari. Akafurahi, akaniombea dua. Kabla ya kukata nikamuuliza ni mapishi mangapi mengine aliyapima kwa kikombe kile.

"Yote, mwanangu."