Simu ya saa sita usiku

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sikutaka kuandika chochote, nawaambia ukweli. Jumanne usiku kama saa sita kasorobo simu yangu iliita, nikaangalia jina, ni yule kijana wa mtaani kwetu anayepambana na unga, nikaigeuza kifudifudi juu ya stuli nikavuta shuka. Ikaita tena. Ikanyamaza. Na mimi nikalala, tena usingizi mzuri tu.

Jumatano jioni wanangu wanaangalia moja ya zile muvi zilizotafsiriwa, mle kuna jamaa mnamjua kwa sura hata kama jina hamlijui, uso makunyanzi kama gome la mwembe, masharubu, kifuani kachorwa mwanamke kavaa kofia pana ya Kimeksiko. Danny Trejo. Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, kazaliwa Los Angeles 1944. Ujambazi anaucheza vizuri kwa sababu aliuishi. Heroini alionjeshwa na baba yake mdogo akiwa na miaka 12, jela kaingia katoka kaingia tena, kule gereza la San Quentin akawa bingwa wa ngumi wa wafungwa. Halafu Mei 1968, gereza la Soledad, vurugu zikazuka, akarusha jiwe likampata askari kichwani. Akafungiwa selo ya peke yake, anajua kinachofuata ni chumba cha gesi, hukumu ya kifo.

Mle ndani akaomba. Mungu niache nife kwa heshima, nami nitalitaja jina lako kila siku na kumfanyia mfungwa mwenzangu lolote ninaloweza. Mmesikia hapo, mfungwa mwenzangu. Hakusema nikitoka, maana kutoka hakukuwa kwenye hesabu zake kabisa. Nadhiri zetu sisi zote zina nikitoka, nikipona, nikipata. Basi kesi ikafa, 1969 akaachiwa, na tangu 1968 hajarudia kilevi wala dawa. Akawa mshauri wa walevi na mateja.

Sasa hapa ndipo niliponyamaza kwenye kochi watoto wakadhani nimesinzia.

Mwaka juzi mwanangu wa mwisho alipata degedege saa nane usiku, mke wangu analia, gari hatuna, nikapiga simu kwa watu tisa, na wengine ni watu tunaoshikana mikono kila Jumapili. Aliyepokea ni dereva mmoja nimemsevu "Bajaji Sokoni" na sikuwa hata najua jina lake. Alikuja na kandambili moja, nyingine ilimdondoka njiani. Pale kwenye benchi la hospitali nikamwambia Mungu, huyu mtoto akiamka, mtu yeyote akinipigia usiku nitapokea. Mtoto akaamka kabla hata ya adhana. Nadhiri nikaitunza miezi miwili hivi. Mhubiri 5 mnaijua, ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe.

Trejo aliendelea kuilipa yake miaka na miaka, watu hawamjui, hakuna kamera. 1985 kijana mmoja aliyekuwa anamsaidia kuacha dawa akampigia, yuko kazini wanaporekodi muvi, kokeini imejaa pale, anaogopa ataanguka. Trejo akaenda kukaa naye, basi. Mle akakutana na mtu waliyejuana jela, Eddie Bunker, ambaye kwa wakati ule alikuwa mwandishi, akamwambia kuna muigizaji anahitaji kufundishwa ngumi, dola 320 kwa siku. Mwongozaji akamwona, akampa nafasi kwenye Runaway Train. Umri wake umeshafika miaka 40.

Na wapendwa msije mkaanza zile hesabu zenu za panda mbegu uvune gari. Hakwenda pale kutafuta muvi! Alikwenda kwa sababu kijana kapiga simu. Tunafunga siku 3 kuomba Mungu atufungulie milango na mtu anagonga wa kwetu tunazima taa ya sebuleni. Tunasoma meseji juu juu bila kuifungua ili tiki zisigeuke bluu, halafu kesho tunamtumia "nakuombea mpendwa" na mikono miwili. Unaomba na nini, na mimi nikiwemo, maana niliigeuza simu.

Alhamisi nilimpigia yule kijana, hapatikani. Jana nikaenda mpaka kijiweni kwao, wenzake wakaniangalia kama askari, mmoja akasema aliamka na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mbaya sana Jumanne, akapiga kwa watu, mwisho akampata mama anayekaanga mihogo pale kona. Mama akatoka na khanga zake usiku ule ule, akakaa naye hadi asubuhi, akampeleka soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa, kwa hela ya mtaji wake wa mihogo.

Leo yule mama hajafungua. Jumamosi naenda kule soba hausi na sabuni, ndala na mchango wa mwezi wa kwanza, na mtaji wa mama nao inabidi urudi. Anayetaka kuchangia anipigie, hata usiku.