Saa 3 ya nani? Siku yangu moja kwenye kikao cha ujirani mwema, Manyovu, mpakani na Burundi

Saa 10:40 alfajiri

Jogoo wa jirani kaiwahi alamu. Naoga maji ya moto na kujaza chupa ya chai ya tangawizi, maana leo koo ndilo jembe. Siku nyingine zote mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Kasulu, wa chaki na madaftari. Lakini mara mbili tatu kwa mwaka simu inalia: "Mwalimu, wageni wanakuja." Hapo najua kuna kikao cha ujirani mwema. Viongozi wa upande wetu wa Kigoma wanakaa meza moja na wenzao wa Burundi kuzungumza mambo ya mpakani, na mimi nakaa katikati kama mkalimani.

Msinifikirie makubwa. Ile reli ya kisasa ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, itakayobeba nikeli ya Burundi kuelekea bandarini, wanaizungumza wakubwa, Dodoma na Gitega. Sisi ajenda zetu ni maharage, chumvi, ng'ombe waliovuka, na vijana waliovuka wakiwafuata ng'ombe.

Saa 11:30 alfajiri

Nimepewa kiti cha nyuma kwenye gari la serikali, katikati ya katibu wa kikao na katoni za maji. Barabara hii zamani ilikuwa inakufikisha ukiwa na rangi ya tofali. Sasa ni sehemu ya ule mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu wa kilomita 260, na dereva anaendesha kwa mkono mmoja kama mtu wa mjini. Tunavyopanda, ukungu unazidi na migomba inatoa nafasi kwa mibuni. Manyovu ina baridi ya kweli. Mtu wa Kigoma mjini akishuka hapa na shati la mikono mifupi, wenyeji wanamjua kabla hajasalimia.

Saa 3:00 asubuhi

Ukumbi umejaa, ila umejaa sisi. Viti vya upande wa pili vitupu, na bendera ndogo ya Burundi mezani imesimama peke yake. Mwenyekiti anaangalia saa. Katibu anaangalia simu, halafu ananiangalia mimi kwa namna ambayo siipendi.

Natoa simu yangu. Inasema saa 2:04.

Hapo ndipo tumbo linaniuma. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, wanafuata saa za Afrika ya Kati. Hapa mpakani simu ikidaka mnara wa ng'ambo inabadilisha saa yenyewe bila kukuomba ruhusa. Kila mtu wa Manyovu anajua. Mimi pia najua. Lakini barua ya mwaliko niliitafsiri mimi, usiku, baada ya kusahihisha mitihani. Kwa Kiswahili iliandikwa "saa 3:00 asubuhi", nami nikaandika "à 9h00" nikaenda kulala. Sikuandika saa 9 ya nani.

"Mwalimu, wenzetu wamechelewa," anasema mwenyekiti.

"Mheshimiwa, hawajachelewa," namjibu. Kisha naeleza, na ninavyoeleza sauti inapungua.

Saa 4:00 kamili (kwao saa 3:00 kamili)

Magari yao yanaingia getini. Hawajachelewa hata dakika moja. Mimi peke yangu ndiye ninayeona aibu, wao wanashuka wakicheka na kunyoosha miguu. "Amahoro! Mwaramutse!" Nusu ya wajumbe wetu wanajibu kwa Kiha, lugha ya huku Kigoma, na hapo hapo mazungumzo yanaanza bila mkalimani. Kiha na Kirundi ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Mtu wa Buhigwe ya kwetu na mtu wa Makamba ya kwao wakikutana sokoni hawahitaji mwalimu wa Kifaransa. Wananihitaji wakishavaa tai.

Makamba, kwa taarifa yenu, si mkoa tena. Burundi wameipunguza mikoa yao kutoka 18 hadi mitano, na huko kwao kusini sasa ni Burunga. Vibao vya majina mezani tulikuwa tumeandika jina la zamani. Katibu anavikusanya haraka, anavigeuza, anaandika upya kwa kalamu ya wino mzito.

Saa 4:25 asubuhi

Mwenyekiti wetu anaanza: "Itifaki imezingatiwa." Nilipoanza kazi hii, sentensi hiyo ilinitoa jasho. Siku hizi nasema "tout protocole observé" na maisha yanaendelea.

Kazi yenyewe ni hii: mtu anaongea dakika mbili, mimi naandika alama zangu kwenye daftari (mshale kwa "kuvuka", duara kwa "mnada", pembe mbili kwa ng'ombe), akinyamaza narudia yote kwa lugha nyingine. Hatuna vile vibanda vya vioo mnavyoviona kwenye picha za mikutano ya Addis Ababa. Kipaza sauti ni kimoja, na leo kinakoroma kila kikikaribia chupa yangu ya chai. Sijajua kwa nini.

Hatari kubwa ni namba. Kifaransa nilichosoma kwenye vitabu kinasema sabini ni "soixante-dix", yaani sitini-na-kumi, na tisini ni "quatre-vingt-dix", nne-mara-ishirini-na-kumi. Kikao changu cha kwanza afisa mmoja wa Burundi akasema "nonante" nikabaki kinywa wazi. Kumbe ni tisini tu, kama Mungu alivyokusudia. Na sabini ni "septante". Ni namba za Ubelgiji. Mjerumani alizitawala nchi hizi zote kama koloni moja. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), na hadi leo magunia yaleyale ya maharage tunayahesabu kwa namna mbili.

Saa 5:40 asubuhi

Ajenda ya vibarua. Kila msimu wa kilimo vijana wa Burundi wanavuka kuja kulima mashamba ya huku. Mwenye shamba anafurahi, kazi inaisha. Siku ya malipo ndipo wengine wanakumbuka ghafla kwamba kijana hana kibali, na badala ya hela anaitiwa askari. Hili halisemwi hivyo ukumbini. Ukumbini mjumbe wetu anasoma taarifa iliyoandaliwa: "Changamoto ya wahamiaji haramu wanaoingia kwa njia zisizo rasmi..."

Zamu yangu. Nina sekunde moja. "Haramu" kwa Kifaransa ningeweza kuitupa ilivyo, ikaumiza. Nikailainisha: "personnes en situation irrégulière". Watu wasio na nyaraka kamili, basi. Nikajiona mwanadiplomasia.

Mzee mmoja wa ujumbe wao, kakaa pembeni, koti la kijivu, tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu. Akainua mkono. Akaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Mwalimu, usinipakie asali. Nimesikia. Kasema haramu."

Ukumbi kimya.

"Mimi nimesoma shule ya msingi Ulyankulu," akaendelea. "Tulikuja huko Tabora na wazazi, wakimbizi, baada ya mauaji ya 1972 kwetu Burundi. Kiswahili nimekilia na nimekichekea. Pombe ni haramu. Nguruwe kwa wenzetu Waislamu ni haramu. Mtoto aliyekuja kumlimia jirani wiki mbili, huyo haramu yake iko wapi?"

Sikutafsiri. Hakuna aliyehitaji. Mwenyekiti wetu akakohoa, akasema neno hilo ndilo liko kwenye fomu, si kwamba limetungwa leo. Mzee akasema anajua, na fomu ziandikwe upya. Wakabishana nusu saa, kwa Kiswahili, kwa Kiha, kwa Kirundi, mimi nimekaa katikati nimeshika kalamu kama mshenga ambaye maharusi wameshaelewana, au wameshagombana, bila yeye.

Nilichojifunza ni kwamba kulainisha nako ni kudanganya, hata ukidanganya kwa nia njema. Nikamwomba radhi wakati wa mapumziko. Akanipiga begani. "Na ile barua ya saa ni wewe pia?"

Saa 7:15 mchana

Ugali, maharage, na samaki wa Ziwa Tanganyika. Upande wetu wa meza wanaitwa migebuka, upande wao mukeke. Dagaa kwao ni ndagala. Samaki ni yuleyule, hajawahi kuulizwa uraia. Wanazungumzia mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu huku kwetu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane, na bei ilivyopanda.

Hapa mezani ndipo naona la maana kuliko yote ya siku. Afisa mmoja wetu na mwenzake wa ng'ambo wanabadilishana namba za simu. Wa kwetu anasema kwa Kiha kwamba akikamata vijana wasio na vibali, kabla ya lolote atapiga simu moja, aulize kama wamelipwa. Mwenzake anaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Kwenye maazimio hili litaandikwa "kuimarisha mawasiliano baina ya vyombo husika". Nitalitafsiri hivyohivyo, kavu.

Saa 8:30 mchana

Mwakilishi wa kina mama wafanyabiashara anapewa dakika tano, anatumia kumi na mbili, na hakuna anayemkatiza. Anauza chumvi ya Uvinza. Anasema watu wamewaambia kwamba bidhaa za ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 za Marekani zina utaratibu rahisi: unajaziwa cheti cha uasili, cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, palepale mpakani, hutozwi ushuru wa forodha. Burundi imo kwenye Jumuiya tangu 2007. "Sasa mbona wenzangu bado wanapita porini usiku na ndoo kichwani?" Anajijibu mwenyewe: hawajui, na wanaojua wanaogopa meza yenye mtu wa sare.

Kisha anarudi kwenye ugonjwa wangu wa asubuhi. "Mkifunga geti saa 12 jioni kila mtu kwa saa yake, mimi nikitoka kwao dakika ya mwisho, nafika kwetu saa moja usiku na kumefungwa. Nalala wapi na chumvi yangu?"

Naitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno. Sipunguzi hata chembe.

Saa 10:00 alasiri

Kuandika maazimio, nakala mbili, Kiswahili na Kifaransa. "Wahamiaji haramu" imetoka, imeingia "vibarua wa msimu wasio na vibali". Mzee wa koti la kijivu anaisoma mara mbili, anasaini. Azimio la saba nimelipendekeza mimi: kila mwaliko utaandikwa saa za nchi zote mbili. Wamecheka, wamelipitisha.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani Kasulu. Simu imerudi kwenye saa yetu yenyewe. Viatu nje, chai, na lundo la madaftari ya kidato cha pili: zoezi la namba. Kuna binti mmoja ambaye mama yake anatoka ng'ambo. Kwenye 70 kaandika "septante". Kwenye 90, "nonante". Muhula uliopita nilimpiga mkasi kwa hayohayo.

Nikampa alama zake zote mbili. Pembeni nikamwandikia "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix", azijue na hizo, kwa sababu mtihani wa taifa hautungwi na Mbelgiji.