Siku moja kazini: mataya matupu, Mombasa

Saa 12:20 asubuhi. Feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na mama mwenye karai la mahamri. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na watu wakisikia hivyo hunitajia mgongo au magoti. Leo daftari la miadi lina mataya tu, kwa sababu daktari wa meno ninayeshirikiana naye huwapanga wagonjwa hawa wote siku moja.

Saa 2:00. Mwalimu wa chekechea. Sikio la kushoto linamuuma tangu Ramadhani. Matone ametiwa na kutiwa, na kila aliyelichungulia amekuta sikio safi. Namwambia aweke vidole mbele ya masikio na afungue mdomo polepole. Tak! Hata mimi nimesikia. Kidevu kinapinda kushoto, kisha kinarudi katikati.

Kati ya kichwa cha taya na fuvu kuna kisahani chembamba kinacholainisha mwendo. Kisahani kikiponyoka mbele, taya hukipanda tena linapofunguka, na hapo ndipo mlio unapotoka. Mlio peke yake haunitishi. Wengi wanao maisha yao yote, na taya linalolia bila kuuma mimi siligusi. Lakini nilipoubonyeza msuli wake wa kutafunia, hapo shavuni, aliruka: "Hapo hapo! Ndilo sikio lenyewe!" Msuli huu una tabia ya kupeleka maumivu sikioni na kwenye magego, ndiyo maana wengine hunifikia wakiwa wameshang'olewa jino lisilo na kosa.

Kazi niliyompa ya nyumbani inaonekana kama mzaha: midomo ifungwe, meno yasigusane, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya juu, pale inapogusa ukitamka "na". Meno ya juu na ya chini yana haja ya kukutana wakati wa kutafuna na kumeza basi. Yeye huyabana tangu kengele ya asubuhi, na kwa darasa lile simlaumu. Atabandika karatasi nyekundu kwenye daftari la mahudhurio. Kila akiiona, aachanishe meno.

Saa 3:30. Kijana wa boda boda. Taya lilivunjika, meno yakafungwa kwa waya wiki 6. Waya umetolewa, mfupa umeunga, ila mdomo umegoma. Rula inasema milimita 17 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima hufika 40 na zaidi, yaani vidole vyake mwenyewe vitatu vikiingia kwa wima.

Navaa glavu, naweka kidole gumba juu ya magego ya chini, nakandamiza chini taratibu, nashikilia, naachia. Kisha vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi: kumi vimeingia kati ya meno, cha kumi na moja nakisukuma katikati yao. Machozi yanamtoka, na bado ananiashiria niongeze. Namkatalia. Taya likilazimishwa misuli hujikaza kujilinda, na kesho ataamka amerudi nyuma. Tumeishia 20. Nyumbani arudie mara 5 kwa siku, dakika chache chache. Ameuliza lini atakula mishkaki. Nimemwambia aanze na mbaazi.

Saa 5:00. Dereva wa lori wa njia ya Malaba. Anakula miraa usiku kucha, na chingamu juu yake, yote upande wa kulia. Shavu la kulia limetuna kuliko la kushoto, asubuhi kichwa kinamgonga kwenye kipaji. Namkanda, kidole kimoja ndani ya shavu na kingine nje, lakini kazi kubwa hapa ni ya mdomo wangu.

"Dada, nikiacha nitalala kwenye usukani."

Ukimwamuru dereva aache miraa siku ya kwanza, humwoni tena. Kwa hiyo leo tumeanza na chingamu. Chingamu iondoke, atafunie upande wa pili mara kwa mara, na taulo la moto shavuni akifika kituoni. Hayo mengine tutayazungumza akirudi.

Saa 7:00. Viazi karai, chai, swala.

Saa 8:15. Bibi ambaye taya humfyatuka akipiga miayo. Juzi limerudishwa mahali pake hospitalini. Baada ya shikamoo akafungua mdomo wote anionyeshe, nikamwahi: "Bibi, usifungue hivyo!" Yeye shida yake ni kinyume cha yule kijana, taya linakwenda mbali mno. Namfundisha kubandika ulimi kaakaani na kuweka ngumi chini ya kidevu mwayo unapokuja. Amecheka: "Mwanangu, wajukuu watasema nimepigana."

Saa 10:00. Simu kwa daktari wa meno. Anataka kumsaga mwalimu gego moja ili meno yakutane vizuri. Mimi nataka tusubiri, kwani jino lililosagwa halirudi na msuli haujapewa nafasi. Kigao cha usiku, kile kifuniko cha meno kinachovaliwa wakati wa kulala, sikipingi kama mwalimu anasaga meno usingizini, ijapokuwa kigao hulinda meno zaidi kuliko kutibu msuli. Tumebishana kidogo, tukakubaliana jino lisiguswe kwa wiki 6, kisha nimpime mwalimu tena.