Kuvuta kamba mara 43

Maziwe si kisiwa cha kulala. Ni fungu la mchanga nje ya Pangani, halina hata mti mmoja. Mivinje iliyokuwepo zamani bahari ilishaila. Maji yakitoka unashusha wageni, wanaogelea kwenye matumbawe, wanakula, na maji yakianza kujaa mnaondoka, kwa sababu siku za bamvua, maji yanapojaa sana, fungu lote linafunikwa. Mwenye boti hapo hana nafasi ya kusema "subirini kidogo."

Mimi nilisema. Nilikuwa na wageni sita, maji yameshafika kwenye kapu la chakula, na bado navuta kamba ya kuwashia mashine ya boti, haiwaki. Mpwa wangu, ambaye ndiye baharia wangu, alikuwa anahesabu kwa sauti mpaka nikamwambia anyamaze. Akaendelea kimoyomoyo. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mjomba, ilikuwa mara 43."

Mashine yenyewe ni Yamaha Enduro ya farasi 15, silinda mbili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Niliinunua mkononi kwa mtu, ikiwa imeshazeeka. Ni mashine ngumu na spea zake hazisumbui kupatikana. Ila ilikuwa na tabia moja: asubuhi inakataa, ikishawaka, ukiizima kwa dakika tano unavuta mara moja tu inaitika, ukiizima kwa muda wa saa mbili, kama pale Maziwe, inakataa tena kama haijawahi kukuona. Tabia hiyo niliijua miezi mingi, nikaiita ukaidi wa uzee. Sikujiuliza hata siku moja ni kitu gani kinachobadilika ndani ya hizo saa mbili.

Nilianza na mambo ya bure. Ile klipu nyekundu ya usalama, ambayo ikichomoka mashine haiwaki hata ukivuta mpaka kesho, ilikuwa mahali pake. Gia ilikuwa nyutro. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki ilikuwa wazi. Hiyo skrubu watu wanaidharau, lakini ukiisahau imefungwa, petroli inavyopungua tanki linajivuta ndani na mashine inazimika katikati ya mkondo wa mto. Yote yalikuwa sawa.

Nikanunua plagi mpya mbili, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda. Zile za zamani zilikuwa nyeusi, zimelowa masizi, na kosa hilo lilikuwa letu. Mpwa wangu alikuwa anapima oili kwa kopo la nyanya, tena kwa jicho. Kipimo cha mashine yetu ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani lita 20 zinataka mililita 400 tu. Siku hizi tuna chupa ya maji ya nusu lita, nimeitia alama kwa kisu, na kopo la nyanya limerudi jikoni kwa mama yake. Plagi mpya zilileta nafuu ya siku mbili, halafu tukarudi kule kule.

Nikafungua kabureta, mahali petroli inapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Bakuli lake lilikuwa na utelezi wa kahawia, ile gundi inayobaki petroli ikikauka na kuiacha oili peke yake. Kusafisha kulikuwa sahihi, ila namna niliyosafisha ilikuwa ya kijinga: nilizibua jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, kwa waya wa breki ya baiskeli. Jeti ni shaba laini, na tundu lake ndilo kipimo cha mafuta. Ukilikwaruza umeshabadilisha kipimo. Nilibahatika sikuiharibu sana. Loweka kwenye petroli safi, kisha puliza kwa upepo wa pampu, basi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hadi leo linaniudhi. Baada ya kurudisha kabureta nilivuta kamba mara ishirini hivi, choki imefungwa ili hewa ipungue na petroli izidi, kisha nikatoa plagi kuzitazama. Zilikuwa kavu. Kavu kabisa, hata harufu ya petroli ilikuwa ya kutafuta. Nikazipangusa, nikazirudisha, nikaenda kwa fundi.

Fundi huyo simtaji, na si mtu mbaya. Alichomoa plagi, akaichomeka kwenye kofia ya waya wa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha mashine, akavuta kamba. Cheche ikaruka. Mimi niliiona ya buluu, yeye akasema dhaifu. Koili, akasema, ile inayotengeneza umeme wa cheche. Nikatoa laki moja na nusu, tukaweka koili. Kesho yake asubuhi nilivuta kamba mpaka bega likaniuma.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa ng'ambo, Bweni, aliyeendesha mashine za boti tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa anangoja pantoni, akanisikia navuta. Akashuka pole pole mpaka kwenye maji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umevuta tangu saa ngapi?"

"Tangu wamefungua soko."

Hakugusa mashine. Aliishika ile pampu ya kubonyeza iliyo katikati ya mpira wa mafuta unaotoka kwenye tanki kwenda kwenye mashine, akaisimamisha ili mshale wake utazame juu upande wa mashine, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akanipa mimi. "Inakuwa ngumu?"

Haikuwa ngumu. Na nikakumbuka kwamba haijawahi kuwa ngumu tangu nimeinunua. Nilidhani ndivyo zilivyo, laini kama embe bivu. Kumbe kabureta ikijaa, pampu inatakiwa ikatae kidole.

Akaniambia nitoe plagi. Zikawa kavu, kama siku ile. Akachukua kifuniko cha soda, akakijaza petroli iliyochanganywa, akamimina silinda ya juu, kingine silinda ya chini, akafunga plagi, akaniambia nivute. Mara ya pili ikanguruma, ikakaa kama sekunde tatu, ikafa.

"Moto upo," akasema, "kompresheni ipo. Mwanangu, hii haina ugonjwa, ina njaa. Azima tanki la mwenzio na mpira wake."

Boti ya jirani ina mashine kama yangu. Nikachomeka mpira wake, nikabonyeza mara nane, pampu ikawa ngumu kama ngumi. Choki, kamba, mara mbili, ikawaka. Nilisimama pale nikifikiria laki moja na nusu.

Nikamwuliza mbona mpira wangu hauvuji, maana niliukagua wote na haukuwa na unyevu popote. Akacheka. Ukibonyeza, kati ya pampu na mashine petroli inasukumwa, kwa hiyo pakiwa na ufa utaona matone. Kati ya tanki na pampu petroli inavutwa. Ufa wa hapo hautoi kitu nje, unaingiza hewa ndani. Mimi nilikuwa natafuta petroli inayotoka, wakati tatizo lilikuwa hewa inayoingia.

Palikuwa pale mpira unapovaa kwenye bomba la tanki. Klipu ilikuwa imeliwa na kutu, na chini yake mpira una nyufa mbili nyembamba kama nywele, zisizoonekana mpaka uukunje. Juu ya hayo, vali ya ndani ya pampu ilikuwa imekakamaa kwa uzee, haizuii tena petroli kurudi. Hapo zile saa mbili za Maziwe zikaeleweka: mashine ikikaa, petroli inateremka pole pole kurudi kwenye tanki, na hewa inachukua nafasi yake. Ukizima dakika tano, petroli bado iko karibu.

Tulikata sentimita kama saba za mpira, tukavalisha sehemu nzima, tukaweka klipu ya chuma kisichoshika kutu, na nikanunua pampu mpya. Nikabadilisha pia ile ringi ndogo ya mpira kwenye kiungio cha kuchomeka kwenye mashine. Haikuwa imekatika, lakini ilishakauka. Vyote havikufika elfu arobaini. Hata ile tabia ya mashine kukatikakatika ikiwa kasi, ambayo nayo niliibandika jina la uzee, ikaondoka.

Sasa tunawasha hivi: pampu mpaka iwe ngumu, choki, kuvuta taratibu mpaka kamba ikaze ndipo nipige kwa nguvu, na ikikohoa tu nafungua choki nusu. Jioni, nikiwa sitoki tena siku mbili tatu, nachomoa mpira na kuiacha mashine inywe petroli iliyobaki kwenye kabureta, huku mkojo wa maji ya kupoza ukiwa bado unatoka. Siiachi ijizimie juu ya mchanga mkavu.

Wiki iliyopita tulikuwa Maziwe tena, kwa muda wa saa mbili na nusu. Mpwa wangu alihesabu kwa sauti. Akafika mbili.

Koili ya zamani nimeihifadhi kwenye sanduku la spana, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Niliirudisha siku moja kuijaribu. Inatoa cheche ya buluu.